Nyumba ya Kilimani na Nyumba ya Bondeni
Maneno yaliyonenwa na katekista mbele ya Wakristo na waalimu, siku ya Jubilei



Wengine wametangulia kunena habari za ubatizo wa kwanza, na za shule, na za hospitali. Sisi makatekista tumepewa nafasi fupi, nasi tumechagua jambo ambalo huenda likaonekana dogo mbele ya hayo makubwa, yaani habari za nyumba. Twataka kunena juu ya mahali walipolala wale waliotuletea Injili, na mahali walipolala wale waliofanya kazi pamoja nao. Hatuneni kwa uchungu, maana sikukuu si siku ya kudai madeni. Lakini katika sheria ya Musa mwaka wa jubilei ulikuwa ndio mwaka wa kila mtu kurudi katika milki ya jamaa yake. Basi, si vibaya siku kama ya leo kuulizana habari za nyumba.

Ninyi nyote mwaijua njia ya misheni. Ukiiacha barabara kuu na kupita chini ya miembe, waona kwanza kanisa. Juu ya kanisa, penye upepo, iko nyumba ya kilimani: kuta zake ni nene, za mawe, baraza yazunguka pande zote, madirisha yana wavu, na sakafu imeinuliwa juu ya ardhi. Chini ya kanisa, ng'ambo ya kijito, ziko nyumba za waalimu, za fito na udongo, na paa zake ni za nyasi. Tulipokuwa watoto shuleni twalidhani ya kuwa kilima kile kiliumbwa kwa ajili ya nyumba ile, na bonde lile kwa ajili ya nyumba zile. Hatukuuliza, kwa maana mtoto haulizi kwa nini jua hutoka mashariki. Lakini mtu mzima apaswa kuuliza, na mwalimu zaidi.

Mwanzo haukuwa hivyo kila mahali. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka 1846 yeye na mwenzake Johannes Rebmann walihamia Rabai, wakakaa katika nyumba ya fito na udongo, iliyoezekwa kwa makuti. Kadhalika Masasi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu aliongoza watu waliokombolewa katika utumwa, akawapeleka kutoka pwani mpaka Masasi wakae huko, na nyumba zao za kwanza zilikuwa za miti na nyasi. Siku zile mvua iliponyesha, ilimnyeshea mgeni na mwenyeji pamoja.

Ni nini basi kilichowapandisha wageni kilimani? Yatupasa kusema kweli: kilichowapandisha kwanza ni makaburi. Krapf hakumaliza mwaka wake wa kwanza Mombasa kabla ya kumzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Askofu Charles Mackenzie, wa kwanza wa Misheni ya Vyuo Vikuu, alikufa kwa homa tarehe 31 Januari 1862, penye makutano ya mito Ruo na Shire, wala hakuwa amemaliza hata mwaka mmoja katika nchi ile. Walikufa vijana na wanawake, wengine kabla ya kujua kusema neno la kwetu. Madaktari wa zamani walidhani ya kuwa homa hutoka katika hewa mbaya ya mabondeni, na jina lenyewe la malaria katika lugha ya Kiitalia ni hewa mbaya. Kwa hiyo walishauri kujenga juu, penye upepo, na kuinua sakafu. Mtu asiyejua habari hii hutazama nyumba ya kilimani na kuona kiburi tu. Sisi twamwomba atazame pia makaburi yaliyo kando yake.

Lakini habari haikuishia hapo. Mwaka 1897 daktari Ronald Ross, akiwa Bara Hindi, aliona vijidudu vya homa ndani ya mbu, na tangu siku hiyo watu wakajua ya kuwa adui si hewa. Sasa palikuwa na njia mbili. Ross mwenyewe alihimiza kufukia madimbwi na kumwaga maji yaliyotuama, na mwaka 1899 alikwenda Freetown kuichunguza kazi hiyo. Njia ya pili ililetwa na madaktari wawili, Stephens na Christophers, waliokuwa wakichunguza homa katika Afrika. Mwaka 1900 walishauri Wazungu wajenge nyumba zao mbali na nyumba za Waafrika, kwa kuwa waliona vijidudu vya homa katika damu ya watoto wa Kiafrika wengi. Njia ya kwanza ingaliwafaa watu wote, wa juu na wa chini. Njia ya pili iliwafaa wachache, ikawapendeza watawala wengi. Basi, katika miji ya serikali nyumba zikatengwa, na desturi hiyo haikukosa kuingia misheni pia. Jambo lililoanza kwa hofu ya homa likawa desturi, na desturi ikikaa sana watu huihesabu kuwa ni adabu.

Tena kuna nyumba zilizojengwa kubwa tangu mwanzo kwa sababu nyingine. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, nao waliokwenda huko wameiona nyumba yao ya ghorofa, yenye matao mbele. Waliokombolewa katika utumwa walikuwa na kijiji chao cha nyumba ndogo, karibu na misheni. Hatusemi ya kuwa hawakupendwa. Walilishwa, walifundishwa, walitibiwa. Twasema tu ya kuwa palikuwa na juu na palikuwa na chini.

Sasa tuangalie jambo hilo lilifanya nini katika mioyo. Wazee wetu walituhadithia ya kuwa mwalimu aliyetembea siku nzima kuleta habari za mtaa wake alifika kilimani akangoja barazani, tena baraza ya nyuma. Alipewa uji na watumishi wa jikoni, akatoa habari yake akiwa amesimama, akashukuriwa, akashuka. Padre yule alimpenda, alimwombea kwa jina lake, na mtoto wa mwalimu alipougua, padre alishuka bondeni na taa usiku kumpelekea dawa. Lakini katika miaka yote waliyofanya kazi pamoja, mwalimu hakujua ndani ya nyumba ile kuna vyumba vingapi, naye padre hakujua mwenzake alikula nini jioni. Walikuwa watenda kazi wa shamba moja, lakini hawakuwa majirani. Wahenga walisema: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mlango ule wazee wetu waliujua vizuri, maana waliutazama miaka mingi.

Jambo hili halikuonekana Afrika peke yake. Mwezi wa Juni 1910 wajumbe wa misheni zipatazo dunia nzima walikutana Edinburgh, katika Uskochi, wakishauriana juu ya kuhubiri Injili ulimwenguni. Watu wa Asia walikuwa wachache, na wa Afrika wachache zaidi. Akasimama V. S. Azariah, padre wa Bara Hindi, akanena waziwazi ya kuwa kati ya wamisionari na wenzao wa nchi hakuna urafiki wa kweli. Alikiri ya kuwa wameacha mali zao, hata na uhai wao, kwa ajili ya watu wake. Lakini akalalamika ya kuwa mtu aliyeahidiwa kiti cha enzi mbinguni hakaribishwi kiti katika sebule ya mmisionari. Mwisho akaomba kitu kimoja tu, yaani marafiki. Wengine walichukizwa na maneno yake. Mwaka 1912 akawekwa kuwa Askofu wa Dornakal, Mhindi wa kwanza kupata uaskofu katika Kanisa la Kianglikana.

Angalieni, ndugu, ya kuwa hakuomba nyumba kubwa, aliomba kiti. Tofauti ya kuta yaweza kuvumiliwa pale watu wanapoketi pamoja. Mahali wasipoketi pamoja, hata tofauti ndogo hukua na kuwa ukuta.

Wala haifai kusahau waliovuka. Misheni ya Vyuo Vikuu haikuwapa watu wake mshahara, ila chakula, malazi na posho kidogo. William Percival Johnson alikuja mwaka 1876, akafanya kazi kando ya Ziwa Nyasa mpaka alipokufa mwaka 1928, akazikwa Liuli. Jicho lake moja lilipofuka na la pili likawa dhaifu, lakini hakuacha kutembea kijiji kwa kijiji pwani ya ziwa, akilala palipopatikana na kula kilichokuwapo. Watu wa ziwa hawakuhitaji kupanda kilima ili kumwona.

Hata hivyo, yafaa tuseme neno moja ambalo wazee wetu walilijua ingawa hawakulinena. Umaskini wa mtu aliyeuchagua si sawa na umaskini wa mtu aliyezaliwa ndani yake. Mmisionari aliyelala katika kibanda alikuwa na meli iliyoweza kumrudisha kwao akiugua, na ndugu waliomwandikia barua, na Chama kilichomtunza uzeeni. Mwalimu aliyelala katika kibanda cha jirani hakuwa na meli. Kibanda kile kilikuwa ndio mwanzo na mwisho wake. Kwa hiyo vibanda viwili vyaweza kufanana kwa fito na kwa nyasi, lakini visiwe sawa.

Nao wako waliovuka kutoka upande wetu. Cecil Majaliwa alikuwa mtoto wa Kiyao aliyechukuliwa utumwani, akafunzwa Unguja, na mwaka 1890 akapata daraja ya upadre, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Tangu mwaka 1886 mpaka 1897 alikaa Chitangali, akilitunza Kanisa kati ya Wayao bila ya kuwa na Mzungu wa kukaa naye. Apolo Kivebulaya alikuwa Mganda. Mwaka 1896 alivuka milima akaenda Mboga, katika nchi ambayo leo ni Kongo, akapigwa, akafungwa, akarudi tena. Alifanya kazi mpaka msituni kwa Wambuti, na mwaka 1933 akafa huko huko Mboga. Aliagiza azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, upande wa msitu, ili hata kaburi lake lionyeshe Injili inakokwenda. Mtu huyu alikuwa mgeni kama Krapf, na mwenzetu kama mwalimu wa bondeni. Nyumba yake ya mwisho aliielekeza kwa watu aliotumwa kwao.

Mpaka hapa tumenena juu ya wengine, nanyi mmetusikiliza vizuri, kwani habari ya kosa la mtu mwingine haichoshi masikio. Sasa twaomba ruhusa tunene juu yetu sisi.

Wageni wameondoka. Leo anayekaa kilimani ni padre wetu, mtoto wa nchi hii, naye babu yake alikuwa mwalimu wa bondeni. Twamshukuru Mungu kwa hayo. Lakini mgeni akiondoka huweza kuacha nyumba yake, na nyumba ikabaki na desturi zake. Katekista akipanda kilimani leo, aketi wapi? Ndugu, wengi wetu twaketi pale pale barazani, wala hakuna aliyetukataza kuingia. Miguu yetu imezoea. Na paa la katekista wa mtaani je? Katika mitaa mingi ni lile lile la nyasi.

Sikieni jambo lililotupata. Katika mtaa mmoja, ambao hatutautaja, daftari ya ubatizo ilikuwa ikihifadhiwa nyumbani kwa katekista, maana kanisa la mtaa halina mlango wa kufungwa. Katekista aliiweka juu ya sanduku, akaifunika kwa mfuko wa nailoni. Paa lilikuwa limezeeka, naye alikuwa ameomba msaada wa kuliezeka, akaambiwa angoje mavuno ya korosho. Masika yakatangulia kuja. Usiku mmoja mvua ilipasua nyasi, maji yakaingia hata sandukuni. Asubuhi kurasa nne zilikuwa bluu tupu, majina yote yamechanganyika na wino.

Baadaye akaja msichana mmoja na mama yake. Harusi yake ilikuwa imekaribia, naye alitaka cheti cha ubatizo. Jina lake lilikuwa katika kurasa zile. Mama akasema, “Mwalimu, wewe mwenyewe ulikuwapo. Ulimshika mtoto huyu, maji yakakuingia mkononi.” Katekista akajibu, “Kweli, mama, nakumbuka. Lakini daftari haikumbuki.” Wakatafutwa wadhamini wake, wakatoa ushuhuda, na padre kwa hekima yake akaandika jina lake upya. Msichana akaolewa kanisani, kwa neema ya Mungu. Lakini katika kurasa zile nne walikuwapo wengine ambao wadhamini wao wamekwisha kufa, na majina yao hayajajulikana mpaka leo.

Basi, mwaka ule ule mvua ilipofuta majina ya watoto wa Mungu, kamati iliketi kuamua fedha za jubilei zitumikeje. Shauri likatolewa kwamba nyumba ya kilimani ipakwe rangi na kuwekewa bati jipya, ili wageni wa sikukuu waione nzuri. Wote wakakubali. Nasi makatekista tulikuwamo katika kamati ile, nasi tuliinua mikono. Hatukusema neno juu ya daftari, kwa kuwa tuliona haya kuomba kitu kwa ajili ya nyumba zetu wenyewe. Leo twaona haya zaidi kwa kunyamaza kwetu. Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa tuliuona, tukaununulia rangi.

Kwa hiyo twaleta mbele yenu maombi matatu. Fedha za kamati hazijatumika bado, na kwa hiyo neno hili halijachelewa.

Ombi la kwanza ni kwenu Wakristo wa mitaa. Mwaikumbuka habari ya mwanamke wa Shunemu, aliyemwona Elisha akipita mara kwa mara. Hakungoja msaada wa mbali. Alimwambia mumewe, wakamfanyia nabii chumba kidogo, wakatia ndani yake kitanda, meza, kiti na kinara cha taa. Vitu vinne tu. Twaomba kila mtaa wenye katekista ufanye nyumba yenye bati, na ndani yake chumba kimoja kikavu chenye vitu hivyo vinne, na kabati la kutunzia daftari. Tofali twaweza kufyatua sisi wenyewe, na mikono tunayo. Kinachotushinda ni bati, misumari na saruji. Twaomba fedha za jubilei zianzie hapo, na rangi ya kilimani ingoje.

Ombi la pili ni kwenu mapadre wetu. Mtume Paulo alipofika Korintho alikaa nyumbani kwa Akila na Priskila, kwa kuwa kazi yao ilikuwa moja, wakashona hema pamoja. Nasi kazi yetu ni moja. Twaomba mara moja kila mwezi makatekista na waalimu waketi ndani, si barazani, wale chakula kilichopo, hata kikiwa ugali na kisamvu. Nanyi mkipita mitaani, msiharakishe kurudi kilimani kabla ya jua kuchwa. Laleni kwetu. Mtaona wenyewe mahali paa linapovuja, wala hatutahitaji kuandika barua.

Ombi la tatu ni kwetu sisi makatekista, nalo ni gumu kuliko yote. Siku tutakapopata bati, tuangalie tusifanye kilima kipya. Jirani yetu mjane atakuwa bado chini ya nyasi. Mtoto wa shule mwenye kutumwa kwetu asingoje nje. Mgonjwa anayekuja usiku asisimame mlangoni akitoa habari yake huku sisi tumeketi. Mtu hupanda kilima hatua moja moja, wala haoni ya kuwa amepanda, mpaka ageuke na kuona wenzake wamekuwa wadogo.

Twamaliza. Bwana wetu alipokuja kukaa kwetu hakuchagua mahali pa juu. Alizaliwa katika nyumba ya wanyama, na katika kazi yake hakuwa na mahali pa kulaza kichwa. Hatuneni hayo ili padre wetu ashuke akalale katika nyumba inayovuja, maana hakuna faida ya wawili kunyeshewa pale ambapo mmoja angeweza kusitiriwa. Twataka wote wasitiriwe, na mlango uwe wazi. Baba Mungu awape raha waliolala katika makaburi ya kilimani, na waliolala katika makaburi ya bondeni, ambao wengi wao hawakuandikwa majina. Naye ayakumbuke majina yale ambayo mvua iliyafuta katika daftari yetu.

Tumsifu Yesu Kristo.